Muulize Bibi: "Tumestaafu, sasa misheni. Siku nzima tutafanya nini?"

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 61, mume wangu 66. Tumestaafu, tunaishi Kimara, watoto wote wanajitegemea. Kanisa letu, la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, huwaita wanandoa wa umri wetu kutumikia misheni, na mume wangu keshaanza kupanga begi. Mimi nasitasita. Nasikia wewe na babu mlitumikia hapahapa Dar. Mlikuwa mnaamka mnafanya nini hasa? Nani analipa? Na wajukuu je? Binti yangu anasema tunakwenda kuwa mayaya wa vijana wa watu.
Mama wa Kimara

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Binti yako hajakosea sana.

Sisi tulitoka Bukoba na mabegi mawili. Siku ya tatu tukaenda Kariakoo kununua feni, kwa sababu usiku mbili za kwanza tulilala chini kwenye vigae kama wagonjwa. Nilidhani nitashinda na Maandiko mkononi. Nilichoshika zaidi ni funguo. Mzee wangu alipewa kazi ya kuangalia nyumba wanazopangiwa vijana wamisionari, nami nikawa naandika daftari: kodi ya nani inaisha lini, godoro gani limebonyea, wapi chandarua kimetoboka.

Simu ya kwanza ilikuwa inaingia kabla jua halijachomoza. "Mama, umeme umekatika!" Haujakatika, mwanangu, LUKU imeisha. Ya pili ni maji. Bomba limekauka siku ya nne na boza halijafika, basi Mzee anapakia madumu kwenye bajaji na kuwapelekea. Mara moja kwa wiki tulikagua nyumba. Nimekuta sufuria ya ugali imelowekwa tangu Jumapili na leo ni Alhamisi. Kijana mmoja kutoka Utah alitupikia dagaa kwa heshima zote, ila hakuwaosha. Tulitafuna mchanga huku tunatabasamu. Wiki iliyofuata nikamfundisha, yeye na mwenzake Mkongo, ambaye naye alikuwa hajui ila alikaa kimya.

Kazi niliyoipenda ilikuwa ya Jumamosi alasiri. Mimi ni mwalimu, na akina mama wa tawi letu la kanisa walitaka kujifunza hesabu za biashara. Palikuwa na mama wa maandazi anayehesabu unga, mafuta na sukari mpaka senti ya mwisho, lakini mkaa hauhesabu, kwa kuwa "upo tu nyumbani". Tulipouandika huo mkaa, alinyamaza muda mrefu. Kesho yake akapandisha bei.

Sasa nikuambie nililofichwa. Mume wangu alikuwa anatoka nyumbani saa moja asubuhi miaka thelathini na nane. Ndoa yetu ilikuwa nzuri, na kumbe sehemu ya uzuri wake ilikuwa ni mlango ule kufungwa. Misheni ikatuweka vyumba viwili, jiko moja, kazi moja, kutwa kucha. Wiki ya tatu tuligombana juu ya njia ya kwenda Mbagala, maana yeye haulizi njia hata apotee. Siku mbili hatukusemezana, tumekaa kiti kimoja cha daladala, beji kifuani, tunawatabasamia abiria wengine tu. Dawa tuliipata wenyewe: kila saa kumi jioni yeye anakwenda kwa jirani kubishana mpira, mimi nakaa gengeni na mama muuza nyanya, nakunywa mchaichai. Saa moja tu. Hiyo mpange kabla hamjapanga nguo.

Pesa ni yenu. Hakuna mshahara, kodi, chakula na nauli vinatoka kwenye pensheni na akiba. Kaeni na kalamu, na mkijumlisha mkaona haitoshi, msiuze kiwanja ili mwende. Muda mnaweza kuomba miezi 6, 12, 18 au 23. Sisi tulichukua 18. Kwa jinsi ulivyoandika, mimi ningeanza na 6. Mnaweza kutaja mnakopendelea, ila wito unaweza kuwapeleka kwingine kabisa. Na ipo huduma ya kutoka nyumbani kwako, unalala kitandani kwako Kimara. Mwambie mumeo, huenda hajasoma ukurasa huo.

Wajukuu mtaongea nao mtakavyo. Hata vijana, tangu Februari 2019, wanaruhusiwa kupiga simu kwao kila wiki. Lakini sitakudanganya. Mjukuu wangu wa kwanza alitimiza miaka 8 na kubatizwa Bukoba nikiwa Dar. Nilitazama kwenye simu. Alipoinamishwa tu majini, mtandao ukakwama. Uliporudi alikuwa tayari amefungwa taulo. Bado linaniuma, na bado ningekwenda tena.

SWALI: Bibi, juzi nilikutana na vijana wawili wa mashati meupe na tai, beji imeandikwa "Mzee". Kijana mwenyewe hana hata ndevu! Nimwamkie?
Kijana wa Buguruni

JIBU: Usimwamkie, atachanganyikiwa. Hao ni wamisionari wa kanisa letu, na "Mzee" hapo ni cheo cha ukuhani, hakihusiani na umri. Wavulana huanza kutumikia wakiwa na miaka 18, kwa miezi 24. Wasichana huitwa "Dada", nao tangu Novemba 2025 huanza na 18 (kabla ya hapo ilikuwa 19), kwa miezi 18. Mume wangu siku ya kwanza aliposikia mtoto wa miaka 19 anaitwa Mzee sawasawa na yeye, alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamtuma dukani kununua vocha.