Jibu kwa mwenye chatu asiyekula: wangu aligoma miezi minne

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umesema chatu wako wa mpira (yule anayeitwa ball python kwa Kiingereza) ana mwaka na nusu, hajala wiki ya tisa sasa, unamwekea panya kila baada ya siku mbili, umemhamishia kwenye kasha kubwa zaidi ili ajinafasi, na kuna mtu amekushauri umpanue mdomo umlishe kwa nguvu. Hilo la mwisho usilifanye kabisa. Unaweza kumjeruhi, na hofu utakayomtia itamchelewesha zaidi kurudi kwenye chakula. Hayo mengine nimeyapitia mwenyewe hapa Minneapolis, Marekani. Wangu ni dume, namwita Kitenge kwa ajili ya maua ya mgongoni, na aligoma kuanzia Oktoba hadi Februari.

Anza kwa kumpima. Chukua mizani ya jikoni, mweke kwenye bakuli lenye kifuniko, andika gramu zake kila Jumapili. Kitenge alikuwa na gramu 540 alipoacha kula. Baada ya miezi minne alikuwa na 511. Hiyo ndiyo iliyoniruhusu kulala usiku. Chatu wa mpira aliyekwisha kukua kidogo anaweza kukaa miezi bila kula, hasa majira ya baridi, na uzito wake usitikisike sana. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, au ukiona uti wa mgongo umechongoka, ute mdomoni, anahema mdomo wazi au anakoroma, au vidudu vidogo vyeusi kwenye magamba, acha kusoma ushauri wa watu kama mimi, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Na kama angekuwa kifaranga aliyeanguliwa juzi, nisingekwambia usubiri hivi.

Sasa kuhusu kasha. Hawa wanyama kwao ni Ghana, Togo, Benin na nchi za jirani. Kule wanashinda kwenye mashimo ya panya na kwenye vichuguu, gizani, udongo ukiwagusa ubavu huu na huu. Kasha pana la kioo lenye kibanda kimoja kikubwa katikati, kwake ni kama umemlaza uwanjani. Mimi nilifanya hivyohivyo, tena kila usiku nilimmulika kwa tochi ya simu kuona kama amesogea. Nilidhani ni mapenzi.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa joto. Kipimajoto nilikuwa nimekibandika kwenye kioo, juu, kikaniambia nyuzi 30. Siku nilipoweka kihisio sakafuni, pale tumbo lake linapolala, nilikuta 26. Nyoka aliyepoa hawezi kusaga chakula tumboni, na kwa kuwa hawezi, hataki. Unyevu nao ulikuwa asilimia 28, maana hita za nyumba zinakausha hewa yote wakati wa theluji.

Nilichobadilisha: sakafuni nikatandaza makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuyanyunyizia maji. Wavu wa juu nikaufunika theluthi mbili. Vioo vya pande tatu nikavibandika karatasi nyeusi. Nikaweka vibanda viwili vinavyofanana, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi, vidogo kiasi kwamba akijikunja humo mgongo unagusa dari. Themostati, yaani kidhibiti joto, nikaiweka hadi sakafu ya upande wa joto ikafika 32, upande wa pili 26, unyevu ukapanda karibu na 60. Kisha nikamwacha siku kumi. Simshiki, simmuliki, nabadilisha maji tu. Hizo siku kumi zilinishinda kuliko kazi zote, lakini wewe hasa ndizo unazozihitaji, kwa sababu panya wa kila siku mbili anamfundisha kwamba harufu ya panya inakuja pamoja na usumbufu. Akikataa, ngoja siku kumi nyingine. Macho yakiwa na ukungu wa bluu, yaani anakaribia kujivua gamba, usijaribu kabisa.

Upande wa panya: asizidi unene wa nyoka mwenyewe sehemu ya katikati. Mtoe friza, alale kwenye friji hadi asubuhi, jioni mweke kwenye mfuko ndani ya maji ya moto kiasi, kisha mkaushe vizuri, maana aliyelowa hukataliwa. Maikrowevu hapana, inampika sehemu moja huku nyingine ikibaki barafu. Mwisho mpulizie kichwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi afike kama nyuzi 38. Chatu ana vitundu kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto; panya aliyepoa, kwake ni kama kitambaa. Panya hai usimwachie ndani. Nimeona nyoka wa rafiki yangu aliyetafunwa mgongo, na kidonda kile kilichukua miezi.

Hata baada ya yote hayo Kitenge alikataa mara mbili. Dukani waliniambia anakula chochote. Baadaye sana ndipo nikajua walikuwa wakimlisha vipanya hai. Aliyenikomboa ni panya shamba. Huku wanauzwa wamegandishwa, jamii ileile ya Mastomys (jina lao la kisayansi) inayomaliza mahindi kwetu Tanzania, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wameichunguza kwa miongo mingi. Nimekulia Kilosa nikiwafukuza. Majimbo mengine yana sheria juu yao, kwa hiyo uliza kwanza.

Nilizima taa saa nne usiku, nikabakiza ya koridoni. Nikamshika panya kwa koleo ndefu, nikamleta taratibu mlangoni mwa kibanda, nikatulia. Ulimi ukatoka haraka haraka, halafu ukawa unatoka polepole, unakaa nje, unarudi. Shingo ikajikunja nyuma. Mkono wangu ulikuwa umeanza kufa ganzi alipompiga, akamzungushia mizunguko mitatu. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni nisitoe sauti, na sikumgusa siku mbili.

Kumrudisha kwenye panya wa kawaida kulichukua milo minne, nikiwasugua kwanza kwa ngozi ya panya shamba.

Naomba unitumie picha ya kasha lote, joto la sakafuni pande zote mbili, na gramu zake za Jumapili hii. Usimpe kitu hadi tuyaone hayo.