Maswali ya kalorimita: kabla ya fomula, jiulize nani katoa joto na nani kapokea

Nimesaidia wanafunzi wa kemia ya mwanzo kwa muda mrefu sasa, na joto mahususi ndo ile mada ambayo mtu anakuja akiwa ameshakariri q = mcΔT (q ni joto, m ni masi, c ni joto mahususi, yaani jouli za kupandisha gramu 1 kwa nyuzi 1, na ΔT ni badiliko la halijoto) vizuri kabisa, anaiandika bila hata kutazama daftari, halafu swali likiwa na vitu viwili tu ndani yake, kipande cha metali na maji, anakwama, hajui m ni ya nani, c ni ya nani na hiyo ΔT aitoe wapi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndo mkubwa kuliko yote, ni kwamba usiguse kalkuleta kabla hujaandika sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe: nani ametoa joto, nani amepokea. Chora visanduku viwili, kimoja andika "shaba, imetoa", kingine "maji, yamepokea", kisha kila kisanduku kipe masi yake, c yake na halijoto yake ya kuanzia. Halijoto ya mwisho tu ndo inakuwa moja kwa wote, maana vikishakaa pamoja lazima vilingane. Ukifika hapo nusu ya kazi imeisha.

Jingine linalosumbua sana, watu wanadhani kitu chenye nyuzi nyingi ndicho chenye joto jingi. Sivyo. Maji c yake ni 4.18, yaani gramu 1 ya maji inataka jouli 4.18 ili ipande nyuzi 1, shaba inataka 0.385 tu, risasi ndo kabisa, 0.13 hivi. Sasa chukua zile jouli 4.18 ulizotumia kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi 1, zipeleke kwenye gramu moja ya shaba, inaruka karibu nyuzi 11! Kwenye risasi ni zaidi ya 30. Joto lilelile, matokeo tofauti kabisa. Mtu aliyelitenganisha jambo hili vizuri alikuwa Joseph Black kule Scotland, miaka ya 1760, na kabla yake wasomi wakubwa tu walikuwa wanavichanganya hivi viwili, joto na halijoto, kwa hiyo kama bado vinakuchanganya usijione mjinga, vinataka muda.

Tuchukue jaribio lenyewe. Shaba gramu 50, imepashwa mpaka nyuzi 100, inatumbukizwa kwenye maji gramu 100 yaliyokuwa nyuzi 22.0, ndani ya kikombe cha foamu chenye mfuniko, hicho ndo kalorimita yetu, chombo cha kupimia joto. Unakoroga, halijoto inapanda inasimama kwenye 25.4. Hapa nimeona wengi wanashtuka, mbona shaba imeshuka nyuzi 74.6 na maji yamepanda 3.4 tu, joto lingine limekwenda wapi? Halijaenda popote. Maji yamepokea 100 × 4.18 × 3.4, ambayo ni jouli 1421, na shaba imetoa hizohizo 1421, sema maji ni mengi na c yake ni kubwa ndo maana yanasogea kidogo. Gawanya 1421 kwa 50 × 74.6 unapata 0.381, na kitabu kinasema 0.385. Jibu zuri sana hilo kwa kikombe cha foamu. Na angalia, kila kitu kimetumia ΔT yake, shaba 74.6 na maji 3.4, mtu anayetumia ΔT moja kwa vyote viwili ni yule ambaye hakuchora visanduku.

Kuhusu 273, ile namba ya kugeuza Selsiasi kuwa Kelvini, nasema kwa haraka: tofauti ya nyuzi ni ileile iwe Selsiasi au Kelvini, usiongeze 273 kwenye tofauti.

Sasa maabara yenyewe, hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo panapoharibika kazi nzuri za watu. Wengi wanachemsha kipande cha metali moja kwa moja ndani ya maji, wanakitoa na koleo wanakitumbukiza kikiwa kinachuruzika. Yale maji yanayochuruzika ni maji ya moto! Gramu 1 tu ya maji ya nyuzi 100 iliyong'ang'ania kwenye shaba ikishuka mpaka 25.4 inamwaga jouli 312 hivi kwenye kikombe, wakati shaba nzima imetoa 1421, yaani umeongeza zaidi ya humusi moja ya joto ambalo si la shaba, na wewe unaandika kwamba ni la shaba. Gramu 1 ni matone 20 tu. Ndo maana mimi napenda metali iwe vipande vidogo vikavu ndani ya testi tyubu, halafu tyubu ndo ikae kwenye maji yanayochemka, iache hapo dakika 10 au zaidi ili joto lifike mpaka katikati, kisha unamimina vipande vikavu kwenye kikombe kwa mkupuo mmoja na kufunika. Na usiandike 100 kwa sababu tu maji yanachemka, chovya themomita usome, maana ukiwa sehemu ya mwinuko maji yanachemka chini ya 100.

Halafu ile 3.4 iangalie vizuri. Ni ndogo, na udogo wake ndo hatari. Ukisoma 25.2 badala ya 25.4, kosa la nyuzi 0.2 tu ambalo jicho linaweza kulifanya bila wewe kujua, c inashuka mpaka 0.358, umepoteza asilimia 6 hivi. Upande wa shaba nyuzi 0.2 kati ya 74.6 si kitu. Kwa hiyo nguvu zako zote weka kwenye kusoma maji, na kama unaruhusiwa kuchagua vipimo punguza maji, ukiweka gramu 50 badala ya 100 yatapanda karibu nyuzi 6.6, ilimradi metali yote izame. Pia usisome mara moja ukaondoka. Soma kila sekunde 30 kabla ya kumimina na baada, chora grafu, kisha ule mstari unaoshuka taratibu baada ya kilele urudishe nyuma mpaka ule wakati uliomimina, hapo unapata halijoto ambayo ingefikiwa kama kikombe kisingevujisha joto. Kazi yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida.

Kuna kitu nakipenda sana na sielewi kwa nini hakifundishwi mapema. Mwaka 1819 Wafaransa wawili, Dulong na Petit, waligundua kwamba ukizidisha c ya metali na masi yake ya moli (gramu za moli moja) unapata karibu namba ileile, kama 25. Jaribu: shaba 0.385 × 63.5 ni 24.4, chuma 0.449 × 55.85 ni 25.1, alumini 0.897 × 26.98 ni 24.2. Almasi haifuati, lakini metali za kawaida za maabara zinafuata, kwa hiyo ukipata c yako izidishe uone, ikija 12 au 60 rudi kwenye mahesabu kabla hujakabidhi ripoti.

Mkija kwenye mmenyuko, tuseme asidi hidrokloriki mililita 50 na sodiamu haidroksaidi mililita 50, zote moli 1.0 kwa lita, visanduku ni vilevile ila anayetoa sasa ni mmenyuko na anayepokea ni mchanganyiko WOTE, kwa hiyo m ni gramu 100, sio 50. Ikipanda nyuzi 6.7 ni jouli 2801 hivi, gawanya kwa moli 0.050 unapata kilojouli 56 kwa moli, na ukiweka 50 unapata 28, nusu ya jibu. Halijoto imepanda maana yake mmenyuko umetoa, unaandika −56. Ukiyeyusha amonia naitreti kikombe kinapoa mpaka unahisi mkononi, hapo maji ndo yametoa na chumvi imepokea, alama inakuwa chanya hata kama ΔT ya maji ni hasi. Na swali likikupa uwezo wa joto wa kalorimita yenyewe, kwa jouli kwa nyuzi, usitafute masi yake, ongeza kisanduku cha tatu, zidisha na ileile ΔT ya maji, jumlisha upande wa waliopokea au waliotoa, kulingana na maji yapo upande gani.