Uingereza Ilikomesha Utumwa, na Makampuni Yake Je?

SWALI: Bwana Mhariri, mjukuu wangu amefundishwa shuleni kwamba Uingereza ilikomesha utumwa mwaka 1833. Mimi, mstaafu wa migodini, nilipata kusikia kwamba makampuni ya Waingereza yaliendelea kuwatumia watumwa ng'ambo. Lipi ni kweli? Msomaji wa komuni ya Katuba, Lubumbashi.

JIBU: Yote mawili ni kweli, mzee wetu. Sheria ya 1833, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, ilihusu makoloni ya Uingereza, na serikali iliwalipa wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20, ilhali watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Kwingineko, hasa Cuba na Brazil, fedha za London ziliendelea kuzaa faida kwa jasho la watumwa. Huko El Cobre, nchini Cuba, kampuni ya Waingereza ilichimba shaba kwa kutumia mamia ya watumwa, na mawe yake yakapelekwa kuyeyushwa Swansea, mji wa Uingereza.

Mwaka 1843 Bunge liliwakataza Waingereza kununua watumwa popote duniani. Hata hivyo, waliokwisha kumilikiwa waliachwa mikononi mwa mabwana zao, na kukodi hakukukatazwa. Nami siamini kwamba mwanya mpana namna hiyo uliachwa kwa kusahau.

Kampuni ya St John d'el Rey, iliyoundwa mwaka 1830 na kuchimba dhahabu Morro Velho, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, iliupenya mwanya huo vizuri. Mwaka 1845 ilikodi watumwa 385 wa kampuni nyingine ya Waingereza, ya mgodi wa Cata Branca, kwa mkataba wa miaka 14 ambao baada yake walitakiwa kuachwa huru. Mwaka 1859 ulipofika, hawakuachwa. Waliendelea kushushwa shimoni kama kawaida, na Jumapili za ukaguzi watumwa wa mgodi huo walipangwa mistari mbele ya mkuu wao, miguu mitupu, wamevaa sare, wenye mwenendo mzuri wakivishwa nishani.

Ni mwaka 1879 tu ndipo mbunge Joaquim Nabuco alipoifichua habari hiyo katika Bunge la Brazil, na mahakama ikawapa uhuru waliosalia, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Kampuni yenyewe haikufungwa. Iliendelea kuchimba Morro Velho hadi ndani ya karne ya 20.