Kabla hujabonyeza Enter: kwa wageni wa Linux ya flashi

Haya yakhe, kaeni kitako. Kila kundi jipya likiingia maabara, iwe za skuli hapa Mjini au kule Chake, makosa ni yale yale, utadhani yanarithiwa. Amri mnazijua zote. Ila lsblk, inayoorodhesha diski, mnaikumbuka baada ya dd, inayoandika moja kwa moja juu ya diski, na hapo haina kazi tena.

1. Flashi ya GB 128 kwa bei ya GB 16 ni ya GB 16 iliyovishwa kanzu. Ijazeni kwa f3write, muisome kwa f3read, kisha ndiyo muiamini.

2. Kosa la sda. Hili wakongwe karibu sote tumelifanya. Anayekana, mtazameni machoni. ISO, yaani faili lenye mfumo mzima wa Linux, imeshuka, flashi imechomekwa, mkono unaandika of=/dev/sda kwa sababu ndivyo flashi ilivyoitwa kwenye kompyuta nyengine. Kwenye hii, sda ni diski ya ndani yenye mitihani ya muhula mzima. Nayo dd haina adabu ya kuuliza kama una hakika. Ukiweka bs=4M, yaani MB 4 kwa kila pigo, pigo la kwanza tu jedwali la patisheni, ile orodha ya vigawe vya diski, limekwenda.

Linaloumiza zaidi ni kinachofuata. Skrini imetulia, programu zilizo wazi zinaendelea, basi mtu anaizima kompyuta ili aiwashe kwa flashi. Hapo ndipo anapojizika, maana kerneli, kiini cha Linux, ilikuwa bado inazikumbuka patisheni za zamani. Piga Ctrl-C, usizime, usiite partprobe, inayoisomesha kerneli jedwali upya. Soma /sys/block/sda/sda1/start, na size iliyo pembeni yake, kwa kila patisheni; hesabu ni za sekta za baiti 512. Ziandike kwenye karatasi. Karatasi, nasema, si faili ndani ya diski hiyo hiyo!

Kama jedwali ni la GPT, muundo wa kompyuta za kisasa, nakala yake ya pili iko mwisho kabisa wa diski, ambako ISO ya GB 2 haifiki, na programu ya gdisk hulijenga upya kutokana nayo. Lakini kupata jedwali si kupata data. ISO hiyo imeshameza patisheni ya EFI, ya kuwashia kompyuta, na mwanzo wa inayofuata. Nakilini kwanza diski nzima kwa ddrescue. Ikiwa mfumo wa faili ni ext4 wa bloku za KB 4, superbloku (rekodi kuu ya mfumo huo) ya akiba ya kwanza iko bloku 32768, yaani MB 128 tu ndani, nayo imeliwa. Nendeni mbele, mpeni mrekebishaji e2fsck nakala nyengine: e2fsck -b 819200 -B 4096, iliyo zaidi ya GB 3 ndani.

Yote haya yanaepukwa kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN, kisha kumpa dd jina kutoka /dev/disk/by-id linaloanza na usb-. Diski ya nje ya mwalimu mkuu nayo huanza hivyo, kwa hiyo ichomoeni kwanza.

3. Andikeni conv=fsync kwenye amri ya dd, isimalize mpaka data yote ifike kwenye flashi. Hesabu ya maendeleo ya status=progress ikifika mwisho, sehemu ya data bado iko kwenye RAM, kama karafuu zilizo jamvini na wingu limeshatanda. Kuchomoa flashi hapo ni kuziacha zinyeshewe.

4. Kwenye fstab, faili la diski za kufunguliwa mfumo ukiwaka, tumieni UUID, namba ya patisheni yenyewe, si jina kama sda linalobadilika.

5. Umeme. Weka noatime (isiandikwe kila faili linaposomwa), /tmp na logi ziende tmpfs (ndani ya RAM), swapu iwe ya zram (nayo ndani ya RAM, imebanwa). Hizo huongeza umri wa flashi lakini haziizuii kufa ghafla. Flashi hufuta kwa vipande vikubwa, kwa hiyo hata ukiandika kidogo, kontrola yake, chipu inayoiendesha, hulazimika kuhamisha data nyengine. Umeme ukikatika katikati, inaweza kupoteza ramani yake ya ndani, ukaiona flashi ina baiti 0. Jarida la ext4, linaloandika mabadiliko ili yarekebishwe umeme ukikatika, halisaidii hapo, kwani liko ndani ya flashi hiyo hiyo iliyokufa.

Ndiyo maana Alpine, Linux ndogo, ikiwa ya bila diski inafaa: mfumo wote unakaa kwenye RAM na flashi inafungwa kwa kusoma tu. Ila mtu hupanga mtandao asubuhi nzima, umeme ukaondoka kabla ya lbu commit, amri ya kuhifadhi mabadiliko kwenye flashi, akaanza upya huku analaani Alpine. Alpine haina kosa. Na lbu kwa kawaida hushika /etc tu. Mwenye skripti zake ndani ya /root aanze na lbu include /root, kisha ndiyo acommit.