Mbwa anajamba usiku kucha: anza na bakuli lake

Ndugu, umesema mbwa wako wa kilo 20 anakula ugali na maharage jioni, anashushia maziwa, kisha nyumba haikaliki. Maharage ndiyo ningeyaondoa kwanza. Yana sukari ambazo utumbo mwembamba wa mbwa hauwezi kuzivunja. Zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha, gesi inatoka hapo. Maziwa nayo acha kabisa, maana mbwa wengi waliokomaa hawamudu sukari yake. Kabichi vilevile.

Mpe wali laini sehemu mbili kwa sehemu moja ya kuku wa kuchemsha, bila ngozi, mifupa, chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwake). Usibadilishe kwa siku moja, ataharisha. Siku 3 za kwanza changanya robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Siku ya 10 awe amehamia. Baada ya hapo rudisha kitu kimoja kimoja, ugali ulioiva vizuri kwanza, umjue mkosaji. Wali na kuku pekee havimtoshi kwa miezi. Muulize daktari wa mifugo mlo kamili.

Gawa chakula mara mbili au tatu. Akila kwa pupa humeza hewa, basi weka bakulini jiwe safi kubwa asiloweza kumeza.

Akiharisha, akikonda au kinyesi kikiwa na damu, kipimwe minyoo. Tumbo likivimba na kukaza huku anajaribu kutapika bila kutoa kitu, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.