Mtu wa zebaki

Marahaba mwanangu,

Unasema wenzako kazini wanamwita bosi wenu "mercurial", ukafungua kamusi ukakuta "kigeugeu", na sasa hujui kama wanamsifu au wanamtukana.

Kigeugeu hapana. Kigeugeu kwetu ni mtu wa kukuuza: leo yuko nawe, kesho anakunywa chai na adui yako. Neno hili ni la zebaki, ambayo kwa Kiingereza ni "mercury", na zebaki unaijua. Unakumbuka siku ulipovunja kipimajoto changu cha zahanati? Vile vitone vilikimbia sakafuni, ukikigusa kimoja kinakuwa kumi, ukivisogeza vinarudiana. Ulicheka, mimi nikakufokea. (Ningefungua madirisha kwanza, mvuke wake ni sumu.)

Warumi walikuwa na mungu Mercurius, tarishi wa miungu wenzake, wa wafanyabiashara na wasafiri, na wezi pia. Sayari ya mbio kuliko zote, hii tunayoiita Utaridi, ilipewa jina lake. Inalizunguka jua kwa siku 88. Kisha wale wazee waliotafuta kugeuza madini ya risasi yawe dhahabu wakaigawia kila sayari madini yake. Jua likapata dhahabu, mwezi ukapata fedha, na hii metali isiyokaa mahali pamoja wakampa yeye. Waingereza wana hata jina jingine la zebaki, "quicksilver". Usidhani ni fedha ya haraka: "quick" zamani ilikuwa "hai". Fedha iliyo hai! Mimi ndilo nalipenda zaidi.

Wanajimu wao wakasema aliyezaliwa chini ya Utaridi ana akili nyepesi, ulimi mwepesi, na biashara anaijua. Kwa hiyo lilianza likiwa karibu na sifa. Hii ya mtu usiyejua ataamka vipi ilifuata baadaye, na ile ya kwanza haikufutika. Bosi wako anayefoka saa nne na kuwaletea keki saa tisa, kisha akapata jibu ambalo nyote mmelikosa wiki nzima, ameingia kwenye maana zote mbili.

Baba yako ananichungulia hapa, anasema nimesahau jambo. Zebaki haikimbii kila kitu. Kule Chunya, kwenye machimbo, walikuwa wakikamatishia dhahabu kwa hiyo hiyo zebaki: mchanga inauacha, dhahabu inaing'ang'ania. Sasa ameanza hadithi za Chunya, na unamjua. Acha niishie hapa.

Mama yako