Haidrojeni au betri? Majibu kwa wasomaji

Tangu tuandike kuhusu magari ya umeme, maswali ya haidrojeni hayakomi. Nimechagua haya, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nimejichanga kununua gari. Wenzangu wananiambia la umeme litapitwa na wakati, nisubiri la haidrojeni. Nifanyeje? (Msomaji, Dodoma)

Usisubiri. Tupige hesabu kwa uniti zilezile za umeme unazonunua kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla. Kupasua maji kwa umeme hadi upate kilo moja ya haidrojeni kunakula uniti 50 hadi 55. Halafu gesi hiyo lazima igandamizwe hadi presha ya mara 700 ya hewa ya kawaida, la sivyo haitoshi kwenye tangi. Weka uniti 60 kwa jumla. Toyota Mirai, gari la haidrojeni linalojulikana kuliko mengine, kwa kilo hiyo litakupeleka kilomita mia moja na ushei. Sasa chukua uniti hizohizo 60, chaji gari la betri la kawaida, toa zinazopotea njiani, na bado utatembea kilomita 300 hivi.

Hasara hiyo haitokani na uzembe wa mafundi. Umegeuza umeme kuwa gesi, ukaibana, kisha ndani ya gari ukaigeuza tena kuwa umeme, na kila hatua inakata ushuru wake. Kuna na suala la kujaza: hapo Dodoma soketi iko ukutani kwako. Hata California, ambako magari haya yalipigiwa debe kweli, Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo mwaka 2024.

Hapa Mombasa kuna jamaa anauza kifaa cha kufungwa chini ya boneti. Kinageuza maji kuwa haidrojeni, eti petroli inapungua nusu. Ni kweli? (Msomaji, Changamwe)

Si kweli. Umeme wa kupasua hayo maji unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na injini, na injini inakunywa petroli. Unachokipata mwishoni ni kidogo kuliko ulichotoa. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, kama majivu ya kuni. Huyawashi mara ya pili bila kuyarudishia moto wote yaliyoutoa. Mmarekani Stanley Meyer alijitangaza na gari la maji, na mwaka 1996 mahakama ya Ohio ikaamua kwamba amewatapeli wawekezaji wake, awarudishie fedha zao. Huyo jamaa mwambie akufungie bure, umlipe kwa petroli utakayookoa. Uone kama atarudi.

Si ndiyo gesi iliyoiunguza ile meli ya angani ya Wajerumani? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo, Hindenburg, mwaka 1937, watu 36 walikufa. Ila kwenye gari gesi inakaa ndani ya matangi mazito, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko gesi zote, ikivuja nje hupaa upesi. Ndani ya karakana yenye dari ni habari nyingine, na mwali wake mchana hauonekani kirahisi. Juni 2019 kituo kimoja karibu na Oslo kililipuka kwa sababu kifuniko cha tangi hakikufungwa sawasawa. Hakuna aliyekufa, walioumia ni waliokuwa kwenye gari la jirani, mifuko ya hewa ilipofumuka kwa mtikisiko.

Mimi ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kigali. Betri gani itavuta tani zote zile? (Msomaji, Mariakani)

Hapa ndipo haidrojeni ina hoja ya maana. Betri ya trela ina uzito wa tani kadhaa, na kila tani ya betri ni tani ya mzigo uliyoiacha bandarini. Kuijaza nako kunachukua muda, wakati tangi la haidrojeni hujaa kwa dakika chache.

Lakini hoja hiyo inapungua kila mwaka. Mwaka 2010 betri yenye uwezo wa kubeba uniti moja iliuzwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 ilikuwa imeshuka hadi dola 115 hivi. Nikola ya Marekani, iliyojitangaza kwa malori ya haidrojeni, iliomba kinga ya kufilisika Februari 2025. Jiji la Montpellier, Ufaransa, lilikuwa limepanga kununua mabasi 51 ya haidrojeni, na mwaka 2022 likaghairi baada ya kukokotoa: senti 95 za euro kwa kilomita, dhidi ya senti 15 kwa basi la betri. Na wewe kaka, muda unaoupoteza kwenye foleni ya Malaba ungetosha kuchaji, kama pale kungekuwa na chaja. Kwa mizigo mikubwa kabisa mimi ningeangalia reli: treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza 2024, inavuta umeme kwenye waya. Haihitaji betri wala haidrojeni.

Betri mnazozisifu zinachimbwa kwetu, na tunaoumia ni sisi. Haidrojeni si afadhali? (Msomaji, Kolwezi)

Malalamiko yako ni ya haki. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nyingi huko kwenu, na sehemu yake inachimbwa kwa mikono katika mashimo yasiyo na kinga. Betri za chuma na fosfati, zilizojaa kwenye mabasi na magari ya Kichina ya bei nafuu, hazina kobalti wala nikeli. Litiamu yake bado inachimbwa, sitakudanganya.

Ila usidhani upande wa pili ni msafi. Dunia inatengeneza karibu tani milioni 100 za haidrojeni kwa mwaka, na chini ya asilimia moja ndiyo safi. Iliyobaki karibu yote inatokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Ile ya gesi asilia hutoa kilo 9 au 10 za hewa ukaa kwa kila kilo yake. Na gari la haidrojeni nalo lina betri, pamoja na platinamu.

Oman inagawa maeneo ya Duqm na Dhofar kwa makampuni ya haidrojeni. Wote hawa hawajui hesabu? (Msomaji, Muscat)

Wanaijua, ila hawajengi kwa ajili ya magari. Lengo la Oman ni tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030, na sehemu kubwa inakusudiwa kusafirishwa ikiwa amonia. Amonia ndiyo mama wa mbolea ya urea na CAN, na hapo betri haiwezi kuchukua nafasi ya haidrojeni, kwa sababu inayotakiwa ni haidrojeni yenyewe.

Wala jambo hili si geni Afrika. Kiwanda cha Sable Chemicals, Kwekwe, Zimbabwe, kilitengeneza amonia kwa kupasua maji kwa umeme tangu miaka ya 1970. Kiliacha mwaka 2015, umeme ulipokuwa haba na ghali. Hapo ndipo penye kazi: tani moja ya amonia inakula uniti 10,000 hivi. Ukiuziwa uniti kwa senti 5 za dola, hiyo ni dola 500 kabla hujamlipa mfanyakazi hata mmoja. Kiwanda kikubwa cha kuuza nje kinategemea jua na upepo wa bei ya chini sana. Kiwanda kidogo kilicho jirani na mashamba kina nafuu nyingine: hakilipi meli, bandari wala lori. Karibu na Naivasha amonia tayari inatengenezwa hivyo kwa umeme wa jua, na ningekuwa na fedha za kuweka ningeanzia huko.

Na mtungi wa haidrojeni wa kupikia, unakuja lini? (Msomaji, Bukoba)

Usiungoje, dada. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja.